Kumpisha Mama Mkwe

"Anaumwa nini huyo mama mkwe wako?" Mbonile aliuliza. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya pikipiki yake, anaibonyezabonyeza tairi kwa kidole gumba kama mtu anayechagua parachichi sokoni.

"Miguu, bosi. Imevimba."

"Na huwezi kwenda kumwona mpaka na pikipiki yangu?"

"Ivuna ni mbali, na usafiri wa huko unaujua. Jumatatu alfajiri niko kijiweni."

Mbonile akasimama, akajifuta vumbi la mikono kwenye bega la koti la Yonathani. Ulikuwa utani wa bosi, ule ambao anayetaniwa hana ruhusa ya kuurudisha. "Haya, kamwone. Ila ikirudi na ubovu wowote, mimi na wewe hatujuani. Hapa Tunduma wanaoiomba hii wamepanga foleni kuliko malori ya mpakani."

Yonathani akashukuru, akawasha, akaondoka na uongo wake. Ulikuwa uongo wa hovyo kuliko wote ambao angeweza kuuchagua, kwa sababu kumwona mama mkwe ndicho kitu pekee ambacho hakuruhusiwa kukifanya. Kwao mkewe Fides, huko chini Momba, mkwe wa kiume hatazamani na mama mkwe wake wala haongei naye. Wakikutana njiani, mkwe ndiye anayeiacha njia. Miaka yote ya ndoa, Yonathani alikuwa ameiona kanga ya mama huyo, kisigino chake, na moshi wa jiko lake. Uso wake hakuujua.

Wakwe wengine waliinung'unikia desturi hiyo, au waliifuata nusunusu pale wazee walipokuwepo. Yonathani hakuwa hivyo. Alizaliwa Mbebe, milimani Ileje, ambako mwiko wa namna hiyo unamhusu mke na baba mkwe wake, na alikua akimwona mama yake akiruka kutoka njiani na ndoo kichwani, akijitosa kwenye upupu, ili tu babu apite. Mtoto aliyeyaona hayo hahitaji kufundishwa. Kupisha kulikuwa mwilini mwake.

Ukweli wa safari ulikuwa huu. Mfanyabiashara mmoja wa mpunga alikuwa ameandaa mashindano ya pikipiki kule Ivuna, siku ya Jumamosi, na mshindi angepewa pikipiki mpya, ikiwa bado na nailoni kwenye kiti. Yonathani alikwisha kushinda Vwawa na Mlowo, kwenye viwanja vya mpira, akapewa jezi na makofi. Safari hii zawadi ilikuwa uhuru wenyewe. Akishinda, hakuna tena mtu wa kumfutia vumbi begani. Akiiharibu ya Mbonile, nyumba yake haina kingine cha kuilisha.

"Na usiposhinda?" Fides aliuliza nyuma yake, wakati barabara inateremka na joto la bonde linaanza kuwapanda miguuni. Mtoto wao Ruti alikuwa amelala katikati yao.

"Mama Ruti, mbona unaniombea mabaya?"

"Siombi. Nauliza."

Yonathani akaongeza gesi.

* * *

Ijumaa jioni, Watson, mdogo wake Fides, alimtembeza shemeji yake kwa miguu kwenye njia yote ya mashindano. Ilianzia mnadani, ikazunguka mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, ikaingia kwenye mbuga kavu ya chumvi, kisha ikarudi mnadani. Mizunguko mitano. Yonathani hakuwahi kuona ardhi ya namna ile. Kwao udongo mweusi ndio unaoteleza na ulio mweupe ndio mgumu. Hapa mbuga ilimetameta mbele yake, tambarare, safi, na mkono wake wa gesi ukamwasha kwa tamaa.

"Mulamu, hapo ndipo wageni wanapofia," Watson alisema, akimwita shemeji kwa lugha yao. Akaokota jiwe, akalitupa kwenye ule weupe. Jiwe likatoboa, likazama, pakabaki tundu jeusi. "Juu chumvi, chini uji. Ukiingia hapo hutoki."

"Sasa wanapita wapi?"

"Twende nikuonyeshe."

Akampeleka mpaka kwenye tuta jembamba lililoshindiliwa na miguu ya akina mama wanaochota maji ya chumvi ya kuchemsha. Kushoto kulikuwa na mashimo ya maji hayo, kulia ule weupe. Tuta lenyewe lilitosha pikipiki moja na mtu mmoja aliyejibana.

"Hapa pita katikati, wima, gesi usiachie. Usipinde hata moyo ukikataa. Ukilivuka hili kila mzunguko, umeshinda."

Yalikuwa maneno ya kweli yote, na Watson aliyasema kwa moyo safi. Ni vizuri hilo lijulikane, maana watu hupenda kudhani kwamba msaliti huamka nao usaliti tangu asubuhi.

Usiku walikula uani, wanaume peke yao. Mama mkwe alipika wali na kambale, akaupitisha kwa mkono wa Fides, mwenyewe akabaki nyuma ya ukuta wa matete wa jiko la chumvi. Yonathani alikuwa na furaha, na furaha ilimlegeza ulimi.

"Nikiipata ile mpya, hii namrudishia Mbonile. Namwekea funguo mezani, sisemi neno."

"Na mimi je, mulamu?" Watson aliuliza. "Mwaka ule wa harusi ulisema unanichukua Tunduma. Mwaka jana ukasema tena. Nilishaaga mpaka kanisani."

"Subiri kidogo."

"Nimesubiri. Hiyo ya Mbonile si unaweza kuniombea niiendeshe mimi?"

Yonathani akacheka, akamega tonge. "Wewe? Tunduma ile, na wale Wazambia, na yale malori? Watakumeza asubuhi, mchana wanakutema. Wewe kaa hapa umsaidie mama chumvi."

Watson naye akacheka, kwa kuwa ndivyo afanyavyo mdogo mtu. Akamnawisha shemeji yake mikono baada ya chakula, akaaga, akaenda kulala. Ahadi ni deni, wanasema. Yonathani alikuwa ameisahau yake kabla hajafuta midomo.

* * *

Jumamosi mnada ulijaa. Walikuja watu wa Kamsamba, wafugaji na fimbo zao, na wauza barafu na mihogo ya kukaanga. Waendeshaji walikuwa kumi na wawili. Aliyeogopwa zaidi alikuwa Lucky wa Kamsamba, kijana mfupi aliyeendesha bila viatu, na pikipiki yake haikuwa na taa, vioo wala madigadi.

Mzunguko wa kwanza Yonathani hakushindana. Alikaa nyuma ya Lucky akamsoma: anapunguza wapi, anasimama wapi juu ya vikanyagio, tutani anaingia vipi. Mzunguko wa pili wawili walizama kwenye weupe, wakaachwa wanavutwa kwa kamba. Wa tatu Yonathani akampita Lucky kwenye majaruba ya mpunga. Wa nne alikuwa peke yake mbele, na kule mnadani mtangazaji alikuwa amesahau jina lake, anamwita tu "yule mkwe wetu wa Tunduma". Yonathani aliusikia mwili wake ukiimba. Tuta lilikuwa limemkubali mara nne.

Mama yake Fides hakuwa na habari na mashindano. Alikuwa amekaa kivulini kwa jirani yake Agnes, mbali na njia, kama inavyompasa mama mkwe, anamlisha Ruti uji. Watson akaja anatembea haraka, kigoda mkononi.

"Mama, mkweo anaongoza. Umebaki mzunguko wa mwisho. Hutaki kumwona?"

"Nitamwonaje, mwanangu? Si vizuri."

"Atakuwa na helmeti, hamtaonana macho. Pale tutani ndipo wanapoonekana vizuri. Twende, mtoto mwachie Agnes."

Mama akasita. Lakini mkwe anayeongoza ni fahari ya mama mkwe hata kama hazungumzi naye, na mwanawe alikwisha kumshika mkono. Watson akamkalisha mwishoni mwa tuta, kwenye ukingo wa shimo, akamwekea kanga vizuri mabegani, kisha akarudi nyuma akasimama na watu.

Yonathani aliingia tutani gesi ikiwa imefunguliwa yote. Aliiona kwanza kanga. Ilikuwa ile ya rangi ya kahawia yenye korosho, aliyoinunua yeye mwenyewe Tunduma, akaituma kwa mkono wa Fides. Kisha akamwona mwenye kanga akiinuka kwa hofu, akivuta nguo usoni, akitafuta pa kukimbilia asipaone, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na shimo.

Nafasi ya kupita ilikuwepo. Angempita kwa upana wa mkono, akamrushia tope la chumvi mwili mzima, akashinda. Yeyote mwingine angefanya hivyo, na alichokuwa nacho Yonathani cha kuwaza kilikuwa kingi: Mbonile, pikipiki mpya, mke na mtoto. Hakuwaza hata kimoja. Mikono yake ikapinda kulia, ikaingia kwenye weupe.

Gurudumu la mbele likazama mpaka kwenye kitovu. Yonathani akaruka juu ya usukani, akaanguka kifudifudi, na pikipiki ya Mbonile ikapinduka nyuma yake, ikamezwa ubavu mzima na injini ikinywa tope la chumvi mpaka ikanyamaza. Lucky akapita tutani wima, akamwogesha mama wa watu kwa tope toka kanga mpaka miguuni, na hakuna aliyemlaumu. Lucky hakuwa mkwe wa mtu pale.

* * *

Aliyekuwa wa kwanza kujitosa topeni alikuwa Watson. Alimvuta shemeji yake kwa kwapa, akamfuta chumvi machoni kwa shati lake mwenyewe, akawaita vijana na kamba. Shokapu za mbele zilikuwa zimepinda zote mbili, ringi imekuwa yai, na ekzosi inatiririsha maji meupe.

"Pole, mulamu," Watson alisema. "Pole sana."

"Mama hajaumia?"

"Mama mzima."

"Basi," Yonathani alisema, na kwa dakika ile alimaanisha.

Kwenye kugawa zawadi, mfanyabiashara wa mpunga alimpa Lucky pikipiki, kisha akamwita Yonathani mbele. Alikuwa amesimuliwa. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema kwamba ameona wanaume wengi lakini hajaona mkwe kama huyu, mtu wa kuacha pikipiki mpya kwa ajili ya heshima. Akaagiza aletewe jogoo. Watu wakapiga makofi na vigelegele, na katikati ya vigelegele vicheko. Yonathani akasimama pale, chumvi imemkaukia kwenye nyusi, jogoo amebanwa kwapani, akashukuru. Wahenga walisema heshima si utumwa. Hawakusema ni nini unapoambulia jogoo.

* * *

Jumapili asubuhi Fides alimkuta mama yake jikoni kwenye chumvi, hajawasha moto. Kanga ya korosho ilikuwa kambani, imefuliwa, madoa hayajatoka.

"Nimemuua mume wako," mama alisema kwa lugha yao.

"Mama, hajafa."

"Nilikaa zangu kwa Agnes. Mimi sijui haya mambo. Ndugu yako ndiye aliyenifuata na kigoda, akasema pale ndipo nitakapoona vizuri."

Fides alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama.

Akatoka na ungo wake, akamkuta Watson nyuma ya nyumba, upande wa pili wa ukuta wa jiko, anaiosha pikipiki ya Mbonile kwa maji ya ndoo, kwa upole, kama anamwosha mtoto.

"Wewe ndiye uliyemkalisha mama pale?"

"Nani kasema?"

"Watson."

Akaendelea kuosha. "Nilimkalisha mama. Sikumwambia mumeo apinde. Kupinda kapinda mwenyewe."

"Ulijua atapinda."

"Nilijua nini? Mimi si mtu wa kumezwa asubuhi? Mtu wa kukaa na chumvi za mama atajua nini?" Akalitupa tambara kwenye ndoo. "Dada, mimi nilishaaga mpaka kanisani. Watu wananiuliza kila Jumapili, Watson, bado upo? Yeye anacheka."

"Ndiyo umkate mkono? Huyo ndiye anayenilisha mimi. Na Ruti."

Watson akaliokota tambara, akalikamua. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ukitaka, mwambie. Lakini ukinitaja mimi, umemtaja na mama. Kila mtu atasema ni yeye aliyekaa pale. Unamjua mama. Atafia aibu huyo."

Fides hakuwa mjinga. Alijua kaka au mdogo anapomtaja mama, mara nyingi anajificha nyuma yake. Lakini alijua pia kwamba huku ndiko kwao, hana kwao kwingine, na kwamba mume akishavunja uhusiano na ukoo, mke ndiye anayebaki katikati amekatika vipande viwili. Akachukua ungo wake. Akajiambia atamwambia Tunduma, wakifika, mtoto akilala. Akajiambia hivyo, na moyoni akajua hatamwambia.

Nyuma ya ukuta wa matete kulikuwa kimya. Hakuna aliyekumbuka kwamba jiko lile lilikuwa na mtu.

* * *

Fuso la mpunga lililokubali kuwabeba lilifika mchana. Watson na utingo waliipakia pikipiki juu ya magunia, wakaifunga kamba. Yonathani alikuwa hajalala. Alikwisha kupiga hesabu zake zote, na zote ziliishia kwenye uso wa Mbonile. Lakini alikuwa mtu wa shukrani. Akamwita shemeji yake, akavua helmeti begani, ile nyeusi aliyoshindia Vwawa, kitu pekee cha mashindano kilichokuwa chake kweli.

"Chukua, mulamu. Bila wewe ningekufa kwenye ule uji. Mimi sitaihitaji tena hivi karibuni."

"Hapana, mulamu, ni yako."

"Chukua. Na lile jambo la Tunduma nililolisema kwa mzaha, unisamehe. Nilikosea. Nikipata pa kusimama, wewe wa kwanza."

Watson akamtazama dada yake. Fides alikuwa amesimama karibu na gurudumu la lori, Ruti mgongoni, anawatazama wote wawili. Ilitosha aseme neno moja. Yonathani akainua helmeti, akamvika Watson kichwani kwa mikono yake mwenyewe, akamfungia mkanda chini ya kidevu. Fides akainama, akaanza kuifunga upya kanga ya mtoto ambayo ilikuwa imefungwa vizuri.

Ndipo mama mkwe alipotoka jikoni. Alikuja moja kwa moja katikati ya ua, peku, bila kanga kichwani. Utingo akaacha kuvuta kamba. Yonathani aliona miguu inakuja, na miguu yake mwenyewe ikaanza kurudi nyuma, mpaka mgongo ukagusa ubao wa lori.

"Yonathani," mama alisema. Hakuwahi kulitamka jina hilo mbele yake. Akaongea Kiswahili, ambacho kwake kilikuwa lugha ya kanisani, akikitoa taratibu neno kwa neno. "Usinipishe tena. Mimi sikukaa pale. Niliketishwa. Aliyeniketisha ni huyu uliyemvika kofia. Amesema mwenyewe leo asubuhi, mimi nasikia. Alijua utapinda."

Watson, ndani ya helmeti, hakuonekana isipokuwa macho.

"Mama, ingia ndani," Fides alisema.

"Siingii. Na huyu mkeo anajua tangu asubuhi. Mimi ni mzee, sitaki kufa na neno la watu mdomoni. Sasa nitazame, unijue, usije ukasema mama mkwe wako alijificha."

Yonathani akainua macho. Ilimchukua nguvu kuliko tuta. Alikuwa anategemea kuona uso wa mgeni, na badala yake akauona uso wa Fides: paji lile lile, mdomo ule ule unaokazwa wakati wa kuficha jambo, ila umezeeka na umeungua kwa moshi wa chumvi. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta.

"Asante, mama," alisema.

Hakumgeukia Watson. Hakumdai hata helmeti. Alimgeukia mkewe.

"Ulijua?"

Fides akafungua mdomo.

"Nilipokuwa namfunga huu mkanda. Ulikuwa unajua?"

"Baba Ruti, nilitaka tufike kwanza nyumbani, ndipo..."

"Sikuijua njia ya huku hata kidogo," Yonathani alisema taratibu. "Nyinyi mlinijua mimi."

Dereva akapiga honi. Fides akavuta kanga, akaifunika uso, akaanza kwenda kwenye ngazi ya lori akiwa ameinamisha kichwa. Yonathani alikuwa amesimama mbele ya ngazi hiyo. Alipomwona anakaribia, akatazama pembeni, akasogea hatua moja, akampisha.